Saa za Heshima

Jumatatu, Machi 2

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Mimi nimeanza daftari hili jioni, kwa sababu kila ninachoandika mchana ni mali ya ofisi, na ninahitaji mahali pa kuandika kwamba ninaogopa.

Mimi ni karani wa kituo cha pango. Ofisi ni chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma lisilofungika mpaka ulipige goti, na dirisha linalotazama mdomo wa pango. Anayetaka kuingia hupita kwanza dirishani kwangu. Naandika jina lake. Nahesabu taa: tatu kwa kila kichwa, maana ya kwanza huzimika, ya pili hudondoka majini, ya tatu ndiyo humrudisha mtu kwa mama yake. Naangalia kofia ngumu, viatu, nguo ya joto, chakula na maji. Kisha mwongoza wageni anaandika kwa mkono wake saa watakayotoka, nami nagonga muhuri. Ikipita nusu saa baada ya saa hiyo na hawajaonekana, nabonyeza king'ora. Wanaume wa machimbo ya kokoto, chini ya kilima, huacha kazi na kupanda na kamba na machela.

Tangu niajiriwe, miezi minane, king'ora hakijawahi kulia.

Kazi hii niliipata kwa Mjomba, kaka yake mama. Ndiye mkubwa wa waongoza wageni, miaka ishirini na miwili humo ndani. Mimi nimeingia mara moja, hatua kumi na moja. Naijua idadi yake kwa sababu nilizirudia mbio.

Jumanne, Machi 3

Mvua. Wageni wawili, wote wamevaa ndala. Nimewarudisha. Mmoja ameniuliza kama nakagua maharusi.

Ijumaa, Machi 6

Jua. Hakuna jipya.

Jumatano, Machi 11

Mvua kubwa, pango limefungwa. Kwa kukosa kazi nilikaa kuhesabu daftari la kuingia tangu siku yangu ya kwanza. Safari sitini na moja. Zote zilitoka kabla ya saa iliyoandikwa. Nilifurahi, nikataka hata kumwonyesha Mkuu wa kituo. Halafu nikatazama tena. Hawakutoka kabla kidogo. Walitoka kabla kwa saa tatu, saa nne. Zote.

Nikaenda kwa mama anayetunza stoo, ambaye alikuwa anakagua kamba, akizipitisha kiganjani shubiri kwa shubiri.

"Mama, mbona hawa hawachelewi hata siku moja?"

"Utachelewaje na umejiwekea saa nne za kuchelewa?" Hakuinua macho. "Hizo ni saa za heshima, mwanangu."

Akanieleza. Zamani palikuwa na mwongoza wageni mmoja, kijana wa maringo. Aliandika saa tisa, akatoka saa tisa na dakika arobaini, anatafuna karanga. Akakuta wanaume thelathini nje, machela imetandikwa blanketi, mkewe anashikiliwa na majirani asijitupe chini. Tangu siku hiyo jina lake likawa Marehemu. Marehemu, habari za asubuhi. Marehemu, nisaidie kiberiti. Mwaka haukwisha akahama.

"Basi ndiyo wakajifunza," alisema. "Safari ya muda wa saa tano wanaiandika kama ya saa tisa. Hakuna anayetaka kuitiwa machela akiwa mzima."

"Na akiitiwa akiwa si mzima?"

Hapo ndipo alipoinua macho. "Hilo hawajaliandikia."

Alhamisi, Machi 12

Nimemwambia Mjomba. Tulikuwa kwetu, mama akipakua chakula.

"Mjomba, ukivunjika mguu saa tano asubuhi, mimi nitajua saa kumi na mbili na nusu jioni."

"Sasa unaniombea nivunjike?"

"Nahesabu tu."

"Hesabu sahani hizo, ziko ngapi." Mama akacheka. Mjomba akaendelea kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. "Mpwa wangu, pango hilo limenilea. Mimi si wa kupigiwa king'ora kama mwizi wa kuku."

"Mazoea yana taabu, Mjomba."

"Na woga je?"

Jibu nimelipata sasa, naandika: woga una kazi yake, na mimi nalipwa kwa kazi hiyo.

Jumatatu, Machi 16

Nimekataa kugonga muhuri. Mjomba aliandika saa kumi na mbili kwa safari ninayojua ni ya saa tano. Walikuwa wanaingia saa tatu. Nikasema, "Mjomba, niandikie saa ya kweli." Nyuma yake walisimama wageni saba wamekwisha vaa kofia.

Mjomba akakata, akaandika saa nane. Walitoka saa nane kasoro dakika tano. Alipopita dirishani aliniinamia kama mtu anayemwinamia mfalme, waongoza wenzake wakaangua kicheko.

Wacheke. Nimegonga muhuri ulio wa kweli.

Ijumaa, Machi 20

Mungu wangu.

Aliandika saa nane. Saa nane na nusu hawakuwa wametoka. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama ya mkononi, nikapiga simu kuuliza saa. Nikabonyeza.

Sikujua sauti ile ni kubwa hivyo. Kule chini mashine ya kusaga kokoto ilinyamaza, na ukimya wake ulinitisha kuliko king'ora chenyewe. Wanaume wakaja mbio, vumbi mpaka kwenye kope, msimamizi wao mbele. Saa nane na dakika arobaini na tano Mjomba akatoka na wageni wake. Walichelewa kwa sababu ya kupiga picha.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza msimamizi wa machimbo.

Akaitazama machela, akamtazama Mjomba. "Basi huyu hapa. Pole, Mgonjwa. Unajisikiaje?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjomba alipanga kofia zake moja moja dirishani kwangu, nane, akaondoka.

Jumamosi, Machi 21

Mama amesema, "Umemvua nguo kaka yangu mbele za watu."

Jumatatu, Machi 23

Barua ya onyo kutoka kwa Mkuu. King'ora kimesimamisha machimbo saa nzima, kituo kimedhihakiwa. Nikikipiga tena bila sababu ya kutosha, nitaachishwa kazi. "Sababu ya kutosha ni kitabu," aliniambia. "Saa iliyoandikwa ikipita, sawa. Vinginevyo usiguse kile kitufe."

"Lakini siku ile ilikuwa imepita, Mkuu."

"Basi waache waandike saa wanazozitaka, isipite."

Sokoni wanamwita Mjomba Mgonjwa.

Jumatano, Machi 25

Mjomba ameandika saa kumi na mbili. Nimegonga.

Alhamisi, Machi 26

Mvua. Saa kumi na mbili. Nimegonga.

Jumatatu, Machi 30

Saa kumi na moja na nusu. Nimegonga. Mama amenipakulia nyama ya pili.

Alhamisi, Aprili 2

Mvua usiku kucha. Maji ya kijito yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kijito hicho hutoka mlimani, kikaingia ardhini kwenye ufa nyuma ya kilima, kikapita ndani ya pango. Kwa hiyo hapa panaweza kuwa na jua watu wakaanika nguo, na humo ndani maji yakapanda kwa mvua iliyonyesha mbali. Kila asubuhi nampigia simu mwalimu wa shule ya mlimani, ambaye ana kipimo cha mvua uani, nami nampa Mkuu tarakimu. Anaziweka chini ya kikombe.

Saa kumi na mbili. Nimegonga.

Jumanne, Aprili 7

Nimegonga.

Ijumaa, Aprili 10

Nimegonga. Nimegundua sihisi tena chochote mkono unaposhuka. Hilo linanitia hofu kuliko lile pango.

Ijumaa, Aprili 17

Ya jana nayaandika leo.

Mjomba alikuja na wanafunzi watano wa chuo, wanaosoma habari za miamba. Walitaka Chumba cha Chini. Kufika huko lazima upite Koo, njia ya kutambaa kwa tumbo, ndefu kama basi. Koo likijaa maji, aliye ng'ambo yake amefungiwa. Nilikagua kila kitu: taa kumi na nane, kofia sita, kamba mbili, masweta. Simu ya asubuhi, mwalimu alisema mlimani ni mawingu tu. Waliingia saa tatu. Safari ya saa tano. Mjomba aliandika saa kumi na mbili jioni, akaniwekea daftari mbele bila kunitazama.

Niligonga.

Hapa jua lilikuwa linawaka. Saa saba nikampigia tena mwalimu, kwa wasiwasi tu. Alipokea, lakini sikusikia maneno. Nilisikia mabati. Mvua ilikuwa inapiga paa la darasa kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori, na mwalimu akipaza sauti ndani yake, "Sikusikii! Huku hatusikilizani! Tangu saa tano!"

Nilikwenda kwa Mkuu.

"Watatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane, Mkuu."

"Kitabu kinasema?"

"Saa kumi na mbili."

"Nani amegonga muhuri?"

"Mimi."

"Basi unabishana na nani?" Alinirudishia daftari. "Mjomba wako akiona maji yanapanda atageuza. Kaa kwenye kiti chako."

Nikakaa. Nalikiri hapa ili nisije nikalisahau: nilikaa. Niliiogopa barua, nikamwogopa mama, nikaogopa vumbi la kwenye kope za wale wanaume na vicheko vyao. Nilitazama mdomo wa pango kuanzia saa saba na dakika ishirini mpaka saa nane na dakika kumi. Dakika hamsini hizo nitaulizwa.

Saa nane na dakika kumi nilitoka nje kukiangalia kijito. Kilikuwa kimebeba mti mzima.

Nilirudi ndani mbio. Mkuu alikuwa amesimama kati yangu na kitufe, sijui alijuaje.

"Saa iliyoandikwa haijafika," alisema.

"Saa iliyoandikwa ni uongo."

"Ni muhuri wako!"

"Ndiyo, Mkuu. Mimi ndiye niliyegonga uongo. Nipishe."

"Ukikigusa, hapa huna kazi."

"Sawa. Nipishe nikiguse."

Sijui alichokiona usoni mwangu. Akapisha, nikabonyeza.

Machimbo yakanyamaza. Wakapanda, safari hii wengine wakitembea, na msimamizi akaniita kutoka mbali, "Karani! Mgonjwa kachelewa dakika ngapi leo?"

"Saa aliyoandika bado karibu saa nne ifike," nilimwambia, "lakini mlimani mvua inanyesha tangu saa tano na wako sita ng'ambo ya Koo."

Alikigeukia kijito. Sikumsikia akicheka tena. Alianza kutoa amri: lori, magunia, kokoto. Walikwenda kukiziba kile kijito pale kwenye ufa, si kukizuia kabisa, hakuna awezaye, ila kukigeuza kwa muda maji ndani yapungue. Mama wa stoo akatoa kamba zote. Msimamizi na watu wanne wakaingia na mtu mmoja aliyejua njia. Kabla ya kuingia msimamizi alisema, "Nataka mtu wa kuhesabu vichwa ndani ya ukumbi wa pango, huku kabla ya Koo. Asihesabu kwa kukisia. Majina."

Daftari la majina lilikuwa mkononi mwangu. Kila mtu alinitazama.

Nilivaa kofia. Nikachukua taa tatu. Hatua ya kumi na mbili ilikuwa kama ya kumi na moja, na ya kumi na tatu pia. Ukumbini nilisimama mahali waliponionyesha, miguu majini, na kusikiliza Koo likigugumia. Hewa ilikuwa baridi hata nikaona pumzi yangu. Nilikuwa nikitetemeka kiasi kwamba mwanga wa taa yangu ulicheza ukutani, mmoja wa wanaume akaniambia nikae chini nisimtie kizunguzungu.

Saa tisa na robo maji yakashuka Kooni, kiasi cha kichwa kupita pamoja na pua. Kamba ikakazwa. Wa kwanza kutoka alikuwa msichana, meno yakigongana, hawezi kutaja jina lake. Nikalisoma kwenye daftari, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiye. Nikaweka alama. Wa pili. Wa tatu. Wa nne akasema Mjomba amewabeba mabegani juu ya mwamba kwa zamu, maji yakimfika kifuani, kisha ameteleza, na mguu wake umekunjwa vibaya. Wa tano.

Halafu kamba ikakaa kimya.

Niliita, "Mjomba!" Nikaita mara nyingi. Sauti iliyorudi ilikuwa yangu.

Walimtoa saa tisa na dakika hamsini, akiwa kwenye machela ile ile. Saa kumi na dakika tano magunia yakasombwa na Koo likajaa mpaka juu. Machimbo hufunga kazi saa kumi. Ningengoja saa kumi na mbili na nusu, king'ora kingelia kwa mashine tupu.

Jumatatu, Aprili 20

Mguu wa Mjomba umevunjika mara mbili. Nilikwenda hospitali. Aligeukia ukutani.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Alinivuta nikakaa ubavuni mwake, akanifunika bega kwa kanga yake.

Alhamisi, Aprili 23

Mvua. Mkuu ameniita. Amekuwa mpole. Makao makuu wanaleta watu watatu kuchunguza. Kuachishwa kwangu hakutajwi tena. Ameniandalia maelezo, yamekwisha chapwa, nitie saini tu: kwamba saa ya kutoka ilikadiriwa sawasawa, kwamba mvua ilikuja ghafla, kwamba king'ora kilipigwa "kwa maelekezo ya uongozi".

"Ukisema habari za saa za heshima," alisema, "watafunga pango. Waongoza wageni kumi na wawili watakaa nyumbani. Na muhuri ni wako, usisahau. Unajichimbia kaburi."

Nimeomba nifikirie. Niliondoka na karatasi ile, nimeiweka hapa mbele yangu. Imeandikwa vizuri. Hata alama za vituo ziko mahali pake.

Jumapili, Aprili 26

Mjomba amegeuka kutoka ukutani leo. Amesema sentensi moja: "Tia saini yaishe."

Nikamwambia, "Mjomba, ulikuwa umesimama kwenye maji unajua hakuna anayekutafuta mpaka jioni. Uliwaambia nini wale watoto?"

Ameugeukia ukuta tena, mpaka muuguzi akaja kunitoa.

Jumatano, Aprili 29

Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, kurasa nne. Safari sitini na moja, na zile za uongo zilizofuata, kila moja na saa yake, tarehe kwa tarehe. Mihuri niliyoigonga nikijua, nimeihesabu pia. Sikumficha mtu, wala mimi mwenyewe sikujificha.

Jumatatu, Mei 4

Walikuwa watatu nyuma ya meza, na Mkuu pembeni. Mikono nilikuwa nimeikalia.

Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani, alisoma kurasa zote nne bila haraka. Akauliza, "Nani alikulazimisha kugonga muhuri?"

Jibu jepesi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. "Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa sana. Ndiyo maana nimeandika. Wanaoingia mle bila woga ndio tunaowaendea na machela."

Mkuu alikohoa, akasema karani ni mtoto, ana chuki za kifamilia na mwongoza wageni mkuu. Hapo mlango ukafunguka bila kubishwa. Mjomba, juu ya magongo mawili, mama nyuma yake amembebea kiatu cha pili.

"Wewe hujaitwa," alisema Mkuu.

"Nimezoea kuingia." Alisimama akihema. Hakunitazama hata kidogo. "Huyu binti sijamsamehe. Alinitangaza sokoni. Lakini saa kumi na mbili niliandika mimi, kwa mkono huu. Nilipokuwa kwenye maji nilipiga hesabu. Watoto wale wakaniuliza, 'Watakuja lini?' Nikawaambia sasa hivi. Nilijua nawadanganya." "Kisha nikasikia magunia yanaanguka huko juu. Andikeni hivyo na mimi nitie saini."

Mama mwenye miwani alimsogezea kiti. Alikataa kukaa.

Jumanne, Mei 5

Uamuzi utakuja kwa barua: kama pango litafungwa, kama nitabaki, kama nitashtakiwa kwa mihuri ile. Mkuu ameniambia bila salamu, "Usijione umeshinda."

Sijioni. Nimemuuliza nani atakaa dirishani mpaka barua ije. Hakuwa na mtu.

Jumatano, Mei 6

Barua haijafika. Mwongoza wageni mmoja, yule aliyecheka zaidi siku ile ya Machi, ameleta ombi la kesho: wageni tisa, Chumba cha Chini, wamekwisha lipia usafiri na wametoka mbali. Safari hii saa ameandika ya kweli, nimeihakiki. Taa zinatosha. Mkuu amekwisha andika "Waruhusiwe" pembeni na kutia saini yake.

Nimempigia mwalimu. Amesema juzi milimita thelathini na moja, jana arobaini, leo bado inanyesha.

Kesho saa tatu watakuwa dirishani, wamevaa kofia, na karatasi yenye saini ya Mkuu. Watabembeleza, kisha watapiga kelele, kisha ataitwa Mkuu mwenyewe. Nitatetemeka, najijua. Nitawakatalia.